Saa ya Bwana Harusi

Bwana harusi wa mjini Unguja huvishwa kanzu, joho, kilemba na jambia, akatoka hadharani watu wakamsalia Mtume. Lakini kwa watu wa Malindi na mitaa inayopakana nayo, bwana harusi wa namna hiyo alikuwa bado nusu uchi. Kilichomkamilisha kilikaa ndani ya kabati la Bi Mwatima, kimeviringwa kitambaa cha hariri pamoja na kipande cha udi, na hakikupatikana ila kwa halua na adabu.

Kilikuwa saa ya mkono. Ungeiona bila ya kuambiwa, usingeitazama mara mbili. Ilikuwa ya chuma, uso wake una rangi ya maziwa yaliyolala, ukanda wake wa ngozi umebadilishwa hata haijulikani wa mwanzo ulikuwa wa rangi gani. Tena ilikuwa mvivu, ikichelewa kila siku. Masoud, marehemu mume wa Bi Mwatima, aliinunua kwa baharia mmoja zama zile alipokuwa karani bandarini, akaivaa siku ya ndoa yake. Baadaye rafiki yake Hasan akaoa, na Masoud alipomwona mkono mtupu akamwonea huruma, akaivua na kumfunga yeye. Mpiga picha wa mtaani akaitundika picha ya Hasan dirishani mwa studio yake, mkono umetangulia mbele, saa inawaka. Bwana harusi aliyefuata akataka apigwe vivyo hivyo, na wa baada yake naye hakukubali kupitwa.

Mwanzo wake ndio huo, na hauna makubwa. Lakini watu wa mjini ukiwapa uzi watakushonea kanzu. Wakaanza kusema kuwa saa ile ilikuwa ya mtu mkubwa, sijui nani, aliyeondoka kwa haraka. Wengine wakasema ilisomewa Makka. Waliposhindwa kukubaliana ilikotoka, wakakubaliana juu ya inachofanya: kwamba ndoa iliyofungwa kwa saa ile haivunjiki. Walihesabu wakaona kweli, hakuna hata moja iliyovunjika. Basi hapo saa ikapanda daraja. Mapicha yake yakazagaa kwenye masimu, vijana waliokuwa na saa za bei mara mia ya ile wakazivua wenyewe siku ya ndoa, na Bi Mwatima akawa mtu wa kupishwa njiani.

Naye cheo kile alikipenda, tusimsingizie uchaji. Alikuwa na taratibu zake. Aliyekuja kuazima alipokewa ukumbini, halua ikafunguliwa, Fatiha ikasomwa, saa ikatolewa. Jina la bwana harusi halikuulizwa. Jina likitajwa kabla ya ndoa huvuta kijicho, alisema, na saa haina haja ya kujua inavaliwa na nani. Miaka yote aliishika kanuni hiyo na hakuna aliyeona kasoro yake, hata yeye.

Mfunguo Mosi mwaka huu, Ramadhani imekwisha na mji ukiwa umechangamka kwa harusi, alikuja mzee mmoja kutoka Kiwengwa aitwaye Mcha, mtu wa heshima zake, kofia safi. Alijitambulisha kuwa ni mshenga. Kijana wanayemuoza ni mtu wa mjini, alisema, mwenye sifa zote, lakini mama wa biharusi amegoma. Amesikia habari za saa na amesema mwanawe hatoki bila ya saa hiyo, maana kijana huyo hawamjui asili yake na angalau saa iwe ndiyo dhamana. Bi Mwatima alisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Saa imefika shamba! Alimpa mzee yule saa na kipande cha udi zaidi, na alipomsindikiza mlangoni akamwombea kijana wake kila la heri.

Ijumaa alasiri alikuwa amekaa na jirani yake Thuwaiba wanachagua mchele, simu ya Thuwaiba ikalia. Imeingia picha, imesambazwa na watu wa Kiwengwa, ikapita kwa huyu na yule mpaka ikafika Malindi. Haikuwa na sura ya mtu. Ilikuwa mikono miwili tu, wa walii na wa bwana harusi, imeshikana wakati wa kufungwa ndoa, na katika mmoja ile saa imekaa kama iko nyumbani kwake. Chini mtu ameandika kuwa dhamana imevaliwa, alhamdulillahi.

"Tazama Bi Mwatima, saa yako inatembea," Thuwaiba alisema, akampa simu.

Bi Mwatima aliisogeza mbali kidogo, kama wafanyavyo wenye macho ya umri wake, akaitazama saa. Ilikuwa imependeza. Alitazama ukanda, akaona fundi aliutengeneza vizuri. Kisha jicho likateremka kwenye mkono wenyewe, kwa kutaka tu kujua saa imepata mkono gani, na hapo likakwama. Kidole kidogo cha mkono ule kilikuwa kimepinda kwenye fundo la mwisho, kimeegemea nje, hakiwasikilizi wenzake.

Kidole kile alikijua. Alikiona kila Sikukuu kikizama kwenye sinia ya biriani nyumbani kwake. Kilivunjika uwanjani Mnazi Mmoja, mpira wa utotoni, na mwenyewe alikuwa akikionyesha akicheka. Kilikuwa kidole cha Tahir, mume wa Yusra, binti yake wa pekee.

Alitamani kidole kile kinyooke. Alikitazama tena na tena, akajaribu kukumbuka watu wengine wenye vidole vilivyopinda, hakupata hata mmoja. Alimrudishia Thuwaiba simu yake, akasema kweli imependeza, akaendelea kuchagua mchele huku anatupa punje nzima na kubakisha mawe. Thuwaiba alimuuliza kama kichwa kinamuuma, akasema kinamuuma.

Alipobaki peke yake ndipo alipolielewa jambo lenyewe lote, nalo likamzidi nguvu. Si kwamba Tahir ameoa tu. Yeye Bi Mwatima ndiye aliyempamba. Kwa mikono yake, kwa Fatiha yake na kwa udi wake, amemvisha mume wa mwanawe akaolee mke mwengine, na akamwombea heri mlangoni. Tahir alikuwa dereva wa kupeleka watalii hoteli za Kiwengwa, na usiku asioonekana alikuwa akisema amelala kazini. Alijua saa haiulizi jina. Kanuni ya mama mkwe ndiyo aliyojifichia. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata nguo alivishwa.

Alivaa buibui, akachukua teksi mpaka Mpendae, nyumbani kwa Yusra. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mwanawe, na kila aliyoyapanga yalikuwa mabaya. Aliogopa Yusra ataanguka. Aliogopa zaidi kwamba ataiona ile picha kabla yake.

Alimkuta jikoni anamenya muhogo.

"Yusra, mwanangu, kaa kitako."

"Nshakaa, mama. Sema."

Akasema. Alianza na Mcha na halua, akaja kwenye picha, akamalizia na kidole. Yusra alimsikiliza bila ya kuinua uso. Kisu kilikwenda na ganda kwa utaratibu, refu, halikukatika.

"Nnajua," alisema. "Nimejua tangu kabla ya Ramadhani."

Bi Mwatima alishika kiambaza. Mambo mawili yalimpiga kwa pamoja, kwamba mwanawe anajua, na kwamba amekaa nalo mfungo mzima, wakafutari pamoja, wakala Sikukuu pamoja, na hakusema.

"Na mimi mama yako hukunambia?"

Hapo kisu kikasita. "Nlikuja."

Alikuja mwaka jana, Yusra alisimulia, siku moja ya mwezi wa Rajabu. Alikuwa na lake la kusema, na wakati huo halikuwa la mke wa pili. Alikuta ukumbini kuna mgeni, mke wa mmoja katika waliovaa saa, analia kilio cha kujizuia, basi akapitia jikoni, akajimiminia chai akangoja. Kutoka kule alisikia yote. Alimsikia mama yake akimtuliza yule mwanamke kwa sauti yake nzuri ile, akimwambia kuwa ndoa ya saa haivunjiki. Akamuuliza kama anataka yeye ndiye awe wa kwanza. Akamwambia arudi kwa mumewe, apike, avumilie, na akamfungia halua akale na watoto. Yusra aliimaliza chai yake. Mama yake alipoingia jikoni akamwambia amepita kusalimia tu.

"Ulimwambia vizuri sana, mama," alisema. "Nikajua na mimi jibu langu ndilo lile lile."

Mtu akikosa la maana husema lolote, na Bi Mwatima hakuwa tofauti. Akasema kwamba kuoa mke wa pili sheria imemruhusu mwanamme, kwamba jambo baya ni kule kuficha, kwamba huenda wakikaa wazee wakazungumza naye—

"Mimi silii kwa ajili ya mke wa pili," Yusra alimkata, kwa upole. "Yule simjui, na namhurumia. Kidole ulichokitambua wewe kwenye picha, mimi nnakijua zaidi."

Akapandisha mkono wa gauni mpaka begani.

Palikuwa na alama mpya, palikuwa na za zamani zilizogeuka manjano, na karibu na kiwiko palikuwa na nne zilizopangana pamoja na ya tano imekaa upande, imekwenda kombo. Bi Mwatima aliitazama ile ya tano. Alitoa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo. Mlango wa kabati, alikuwa akiambiwa. Ngazi ya uani. Mafuta ya moto. Na yeye, mama mtu, aliyepata kumgundua mtoto ana homa kwa kumsikia anavyopiga hodi, aliupokea ule mlango wa kabati na ile ngazi na yale mafuta, kwa sababu Tahir aliivaa saa, na ndoa ya saa ilikuwa salama.

Alikaa chini, kwenye maganda ya muhogo. Wakamjia mmoja mmoja, bila ya kuitwa, wanawake waliopata kukaa kwenye ule mkeka wa ukumbini kwake. Hawakuwa wachache. Kila mmoja alikuja kwa siri, kila mmoja alijidhani yuko peke yake, na kila mmoja alipewa lile lile neno tamu na kipande cha halua. Aliwauma akawapuliza. Watu walisema saa ndiyo inayozishika ndoa, na yeye akafurahi waseme. Saa haikushika chochote. Ilikuwa ni yeye, amesimama mlangoni miaka yote, anawarudisha ndani wanaotaka kutoka.

"Chukua nguo zako," alisema, akiinuka.

Usiku huo Yusra alilala Malindi, kitanda kimoja na mama yake. Tahir alipiga simu, haikupokewa.

Jumapili asubuhi Mcha alikuja kurudisha saa. Alikuja na halua ya shukurani na uso wa furaha, maana harusi ilifana, na mama wa biharusi ameridhika kabisa. Bi Mwatima alimkaribisha kama kawaida. Alimwacha amalize kusifia, kisha akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya ndizi, kama watu wa Kiwengwa walijua kuwa bwana harusi wao alikuwa na mke.

"Tulijua, Bi Mwatima, hakutuficha," Mcha alisema. Akainamisha kichwa kwa huzuni ya adabu. "Alitwambia mkewe alifariki. Maskini, kijana alilia mbele yetu. Tukamsomea marehemu Fatiha, na mwezi mtukufu tukamkhitimia."

Bi Mwatima alidhani amesikia vibaya. Akamtazama mzee usoni kutafuta mzaha, hakuuona. Wakati ule ule pazia la ukumbini likasogea, Yusra akaingia na sinia ya kahawa, akapiga magoti, akamkaribisha mgeni.

"Basi marehemu ndiye huyu," Bi Mwatima alisema. "Pokea kahawa."

Kikombe kilimponyoka Mcha, kahawa ikamwagikia kanzu yake, hata hakuhisi moto. Alimtazama Yusra, akamtazama mama mtu, akaona zile pua mbili zilizofanana. Alianza kuomba radhi kwa Mungu, akahamia kwa Yusra, akasema wallahi hakujua, hata mama wa binti hakujua, walitegemea saa. Walisema mtu aliyepewa saa na Bi Mwatima hana haja ya kuulizwa zaidi. Sentensi hiyo aliitoa kwa kujitetea, haikuwa lawama, lakini ilimwingia Bi Mwatima mpaka kwenye mfupa. Mzee aliondoka na kanzu yake yenye doa, anakwenda kuwaambia watu wa Kiwengwa kwamba maiti wao anapika kahawa.

Yusra alicheka. Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu afike, na kiligeuka kilio kabla hakijesha. Mama yake alimshika mpaka akanyamaza, na wakakubaliana kwamba Jumanne waende kwa kadhi. Hakukuwa na mengi ya kukubaliana. Alama ziko mkononi.

Lakini palikuwa na jambo moja Yusra hakuliomba na mama yake alilijua. Kwenda kwa kadhi kunawezekana kimya kimya. Ndoa ikavunjwa, Tahir akasahauliwa, Thuwaiba akaambiwa kuwa Yusra amekuja kumuuguza mama yake, na saa ikabaki na jina lake. Bi Mwatima alilifikiria hilo. Tusimfanye malaika, alilifikiria Jumapili nzima, na Jumatatu asubuhi bado alikuwa akilifikiria, akifuta vumbi pasipo vumbi.

Ndipo hodi ikapigwa. Alikuwa Bi Nadra wa Shangani, amevaa vizuri, bakuli la halua mkononi. Jina la bwana harusi hakulitaja, lakini mtoto mwanamme mmoja tu alikuwa naye, Haitham, na harusi yake ni wiki ile. Akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa. Bi Nadra alikuwa mfano. Mumewe, Muhammad, mtu wa safu ya mbele msikitini, aliivaa saa ile siku ya ndoa yao, na mama wa mjini wakitaka kuwanasihi binti zao walikuwa wakisema, mtazame Bi Nadra alivyotulia. Hajapata kuja kwenye nyumba ile kulia. Hajapata kuinua sauti mahali popote. Alisema kwa maneno machache kwamba amekuja kwa lile jambo la kheri, na baba mtu amesisitiza iwe saa ile ile.

Bi Mwatima aliitoa saa kabatini, akaiweka juu ya mkeka baina yao. Halua hakuifungua.

"Saa hii utapewa, Nadra, sikunyimi," alisema. "Lakini kwanza uichukue habari yake, na ukamwambie na huyo biharusi wako. Mume wa Yusra aliivaa. Anampiga. Ameivaa tena Ijumaa, akaoa Kiwengwa, na wenyewe kawaambia mwanangu amekufa. Kesho nnakwenda naye kwa kadhi, ndoa hiyo ikavunjwe, na nitasimama naye mbele za watu. Wasikwambie tena kuwa ndoa ya saa haivunjiki. Maneno hayo nliyaweka mimi, na mimi ndiye ninayeyaondoa."

Alishajua litakalofuata. Bi Nadra atainuka, atalichukua bakuli lake, na kabla ya Magharibi kutakuwa hakuna mlango Malindi usioyajua. Aliungojea mshangao wake, na baada ya mshangao aingojee dharau.

Bi Nadra hakuinuka. Aliitazama saa, kisha akageuka akalitazama pazia la mlango, na aliposema aliishusha sauti mpaka ikawa pumzi, na hali Muhammad wakati huo alikuwa dukani kwake Darajani, mbali, kule hata kelele zisingemfikia.

"Kumbe inavunjika?"

Bi Mwatima alimtazama yule mwanamke aliyetulia. Alimwona mikono yake, jinsi mmoja ulivyoushika mwengine juu ya kifundo, kwa nguvu, vidole vimekuwa vyeupe, na akaelewa kwamba utulivu ule uliokuwa ukisifiwa mjini ulikuwa ni woga tu, na kwamba huyu hakuja kulia kwake kwa sababu alishalijua jibu tangu zamani.

"Inavunjika," alisema.

Saa ilikuwa pale kwenye mkeka, na Bi Nadra hakuigusa. Alilisukuma bakuli la halua pembeni, akasogea karibu.

"Kesho mnatoka saa ngapi?" aliuliza.